Mashine ya Mbavu

Kama unatafuta sifa za jirani mwema, geuza njia urudi ulikotoka, maana huyu ninayemsema alikuwa jirani wa kukukondesha. Ofisi yangu ya cherehani na ofisi yake ya bati, pale Mwembesongo, zilitenganishwa na ukuta wa mabanzi, na ukuta wa mabanzi hauzuii hata harufu ya maandazi. Asubuhi sijavuta kiti, yeye ameshaanza: ngwa, ngwa, ngwa! Sindano inaruka, mteja anashtuka, kipimo cha kiuno nakiandika kwenye kifua. Yupo bibi harusi mmoja mpaka leo akiniona ananuna kwa sababu ya gauni lake. Nilimwambia, dada yangu, nenda kamnunie fundi bati.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Sisi wengine wenye ufundi wetu tulikuwa fundi fulani na fundi fulani; yeye alikuwa Fundi basi, imetoka hiyo. Kwao ni wapi, ukoo wake upi, sijui na sikuuliza. Mtu unamwambia "habari za asubuhi" anakujibu "marahaba", utaanzia wapi kumwuliza ukoo?

Na hiyo marahaba ndiyo iliyoniudhi kuliko nyundo. Masikio yake yaliondoka polepole, yakifuata kila pigo la bati, na yeye badala ya kusema jamani sisikii, akagundua kwamba mzee anaweza kuishi mjini kwa neno moja tu. Mtoto akimwamkia, marahaba. Mteja akimwuliza sanduku lake litakuwa tayari lini, marahaba. Mama mmoja alikuja anafoka, mbuzi wake amejikata mguu kwenye vipande vya bati, kanga kaifunga kiunoni tayari kwa vita, akamwaga maneno yote aliyokuwa nayo, Fundi akamtazama kwa upole akamwambia, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Yule mama aliondoka akiwa hajui ametukanwa au amebarikiwa.

Siku mwenyekiti wa mtaa alipokuja kuleta malalamiko yetu kuhusu kelele, mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu mwenyekiti ni mkubwa kwake kwa umri, tena mtu wa kujiheshimu. Alisimama mlangoni akasema, "Fundi, watu wamechoka." Fundi akajibu, "Marahaba." Mwenyekiti akanigeukia mimi: "Ananiitikia? Kwani nimemwamkia?" Nilikuwa na pini mdomoni, nikashukuru Mungu, maana bila zile pini ningecheka mbele ya serikali.

Sasa nikisema alikuwa mbaya tu nitakuwa mwongo. Kazi aliijua. Masanduku ya wanafunzi wa bweni, makarai, majiko, na zaidi ya yote vihenge vya bati, yale mapipa makubwa ya kuhifadhia mahindi ambayo wakulima wa Gairo walikuwa wanayafuata kwake kwa lori. Kihenge chake kilijulikana kwa mbavu. Bati likiwa kubwa na tupu halina msimamo: ukilibonyeza linaingia ndani, ukiliachia linaruka, bwa! Ukilijaza mahindi linatoka kitambi. Kwa hiyo fundi anayejua kazi analitia mbavu, ile mistari mirefu iliyoinuka, na hapo bati linasimama lenyewe. Fundi alikuwa na msemo wake: "Bati bila mbavu ni karatasi yenye kiburi." Aliusema kwa kila mteja, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, na akishausema anasubiri ucheke. Usipocheka anausema tena.

Lakini kila ubavu aliupiga kwa mkono. Analaza bati juu ya kipande cha reli, anapiga, anasogeza, anapiga, anasogeza. Na huku anagombana nalo. Ningeweza kufundisha darasa la matusi kwa yale niliyoyasikia kupitia mabanzi. "Wewe mwanaharamu, jana si tulikubaliana? Leo umepinda kwa nini?" Halafu katikati ya tusi ananyamaza, anavua kofia, anatafuta kopo la udhu. Adhana hakuisikia, lakini alimtazama muuza kahawa wa barabarani. Muuza kahawa akiinuka, Fundi anajua Mungu ameita. Muuza kahawa akiinuka kwa haja zake nyingine, Fundi naye anatawadha. Nilishamwona akiswali saa ambazo hakuna msikiti unaozijua, nikasema labda zinaandikwa kama za ziada.

Kingine: mtu huyu ambaye angeweza kukaa juu ya bati linalokata kama wembe na asijali, aliogopa umeme kama kuku anavyoogopa mwewe. Umeme wa ukutani, nasema. Ofisini kwake taa ilikuwepo, lakini hakuwa anaiwasha. Alikuwa anagonga ukuta, mimi nazunguka nakwenda kubonyeza swichi. Nilimwuliza siku moja, kwa kupiga kelele kwenye sikio la kushoto ambalo lilikuwa na uhai kidogo: "Fundi, utaishi na hofu hii mpaka lini?" Akanijibu, "Kitu kinachouma bila kuonyesha meno mimi simo." Hapo alisikia, angalia. Alikuwa anasikia alipotaka, au mimi ndivyo nilivyodhani.

Mkewe alikuwa Mluguru wa juu mlimani kabisa, Kinole, kwenye migomba na mdalasini. Mama mwembamba, mpole wa sura, lakini usimguse. Fundi alimwita "ubavu wangu" mbele za watu, na mtaa ulicheka kwa sababu kila mtu alijua mbavu nyingine alizokuwa nazo anazipiga nyundo. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ofisi, hatua chache tu, hivyo mimi nilikuwa naondoka jioni na kupumzika, yeye mama wa watu hakuwa na pa kuondokea. Akaanza kuumwa kichwa. Akaanza kufunga kitambaa kichwani mchana. Hospitali wakampima, wakamwambia presha inapanda, apumzike mahali pa utulivu. Utulivu gani tena na yule baba yupo?

Siku aliyoondoka niliona yote, na sikuwa nachungulia, mabanzi yale yalikuwa na nafasi zake. Fundi alikuwa kwenye kihenge cha watu wa Gairo, anakimbizana na lori lao. Mama akatoka, kashika kichwa. Akasema, "Baba, acha kidogo." Ngwa, ngwa. Akasogea. "Acha, kichwa kinapasuka." Ngwa, ngwa. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wake, akasimama mbele yake kabisa, akasema, "Basi mimi naondoka. Narudi kwetu."

Fundi akainua uso, akatabasamu, akasema, "Marahaba."

Jamani. Nilikuwa nakata kitambaa, mkasi uliniganda mkononi. Mama akautupia mfuko begani. Halafu akasema neno moja la Kiluguru ambalo sitaliandika hapa, akaenda zake. Fundi aliendelea kupiga mpaka jua linazama, akagonga ukuta niende kuwasha taa, ndipo akaniuliza, "Huyu ubavu wangu kaenda sokoni?"

Ilibidi nimwandikie kwa chaki juu ya bati: AMERUDI KWAO. KELELE. Alisoma, akasoma tena, akafuta kwa kofia yake. Usiku ule nilimwonea huruma, ingawa hasira yangu kwake ilikuwa bado nusu ndoo.

Kwa Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, kwa hiyo mke hakuwa mtu wa kuteseka. Alikuwa na migomba yake, alikuwa na ndugu zake, alikuwa na kimya chake. Alikuwa anashuka na ndizi siku za soko, anapita mbele ya ofisi zetu na kapu kichwani, ananisalimia mimi, anamsalimia muuza kahawa, anamsalimia hata yule mbuzi mwenye kovu, anampita mumewe kama anavyopita nguzo. Fundi anabaki na nyundo juu hewani, haishuki, haipandi. Wazee wakapanda mlimani kusuluhisha, wakarudi na jibu: "Nyundo ikinyamaza nitashuka. Isiponyamaza, nitakuja kumzika."

Ndipo Fundi akaingiwa na habari ya mashine.

Sijui aliiona wapi. Nadhani kwenye simu ya dereva wa lori. Ilikuwa mashine ya kutia mbavu bila kupiga: magurudumu mawili madogo ya chuma, moja juu moja chini, la juu lina kigongo, la chini lina bonde, bati unalipitisha katikati linabanwa linatoka na ubavu wake, laini kabisa. Mafundi wanaita dume na jike. Basi mtaani hapo kukawa hakuna kazi nyingine ila utani. Kila anayepita: "Fundi, dume limepanda?" Yeye: "Marahaba!" Watu wanakaa chini kwa kicheko. Muuza kahawa alisema kwa miaka yote hakuwahi kuuza kahawa vile.

Magurudumu aliyachongesha kwa fundi anayekereza vyuma. Gia zilitoka kwenye pikipiki iliyokufa. Beringi alizipata kwenye pampu ya maji, na sikuuliza pampu ya nani. Mwanzoni aliweka mpini wa kuzungusha kwa mkono, lakini mpini unataka mtu wa pili: mmoja azungushe, mwingine aongoze bati lisikimbie mstari. Mtu wa pili alikuwa Kinole anapalilia migomba. Alijaribu peke yake, mkono huu unazungusha, ule unaongoza, ubavu ukatoka umepinda kama njia ya mlevi. Akalitukana bati, akalitukana dume, akalitukana jike, akakaa chini.

Kwa hiyo ikabidi mota. Na mota maana yake umeme! Nikasema sasa hapa tutaona. Alizunguka siku nyingi akiitazama swichi ya ukutani kama mtu anayedaiwa nayo roho. Halafu akatokea na mota ya waipa ya lori, ile inayofuta mvua kwenye kioo, na betri ya lori vilevile. "Umeme wa betri una adabu," akanieleza kwa nguvu mpaka mteja wangu akaruka. "Unaukaribisha ndiyo unakuja." Mota ya waipa haina haraka, lakini ina nguvu; akaiunganisha na zile gia kwa mnyororo. Kwangu akachukua pedeli ya cherehani ya umeme iliyoungua, akatoa utumbo wake wote, akaweka ndani swichi ya taa za breki. Unakanyaga, mota inazunguka. Unainua mguu, inasimama. Mikono miwili inabaki kwenye bati.

Kitu kimoja tu sikukielewa. Waya wa ile pedeli aliuweka mrefu ajabu. Mashine hii hapa, miguu yake hii hapa, na waya wa kufika ng'ambo ya barabara umekunjwakunjwa chini, umefungwa kwa mpira wa tyubu. Nikamwambia, "Fundi, waya wote huu wa nini? Unataka kukanyagia kule mtaa wa Mafiga?"

"Marahaba," akasema.

Nikaachana naye.

Kosa lake kubwa lilikuwa pipa. Mashine ilitaka kusimama juu ya kitu, na yeye akaifunga kwa nati juu ya pipa tupu la mafuta. Wewe na mimi tunajua pipa tupu likigongwa linafanya nini. Watu wa Mwembesongo walijua pia, mpaka watoto walijua. Lakini nani amwambie? Yeye aliisikiliza kwa mkono, akaipapasa, akasema iko sawa.

Siku ya kuijaribu aliita mtaa mzima. Alivaa kanzu, eti. Akatundika nyundo yake ukutani mbele yetu, kwenye msumari mpya, akaingiza bati kati ya dume na jike, akakanyaga.

Mashine ikalia. Sikudhani chuma kinaweza kulia vile. Ilianza na mguno ndani ya pipa, ikapanda, ikawa yowe, mnyororo unapiga, gia zinasaga meno, bati lenyewe linapiga mbinja likibanwa. Mbwa wakaitikia. Mtoto mmoja akajikojolea. Na katikati ya yote hayo Fundi, uso umetulia, anaongoza bati lake taratibu, na ubavu unatoka upande wa pili umenyooka. Kwa kweli ulikuwa mzuri. Akainua mguu, akaliinua bati juu tulione, akasema, "Mmeona? Kimya kama msikitini!"

Muuza kahawa, mnafiki yule, akanyanyua dole gumba. Mimi siwezi hayo. Nilimfuata kwenye sikio la kushoto nikapiga kelele, "INALIA, FUNDI! INALIA KULIKO NYUNDO!"

"Marahaba," akasema, akanipigapiga begani.

Akatuma salamu mlimani kwa wauza ndizi: mwambieni nyundo nimeitundika. Na siku ya soko iliyofuata mkewe akasimama kwangu, kapu kalitua chini, akanong'ona, "Mwanangu, ni kweli amenyamaza?" Macho yake yalinitia huruma. Mwanamke aliyechoka kukaa mbali unamtambua tu, hata akiwa na migomba mingapi. Nikamwambia, "Nyundo kweli imenyamaza, mama. Mengine ingia usikie mwenyewe."

Akaingia. Fundi alipomwona alipangusa kiti kwa kanzu yake, akamketisha. Akachukua bati. Mimi nikaziba masikio mapema.

Alikanyaga. Yowe likatoka. Mama alifumba macho, akashika kichwa pande zote mbili, na kabla ubavu haujafika nusu alikuwa ameshainuka, kapu kichwani, yuko barabarani anaelekea kwenye magari ya mlimani. Fundi kugeuka, kiti kitupu. Nikasema moyoni basi, hii ndoa imekwisha, na amejimalizia mwenyewe kwa pipa tupu.

Aliinama. Nilidhani anaanguka. Kumbe anafungua ule mpira wa tyubu. Akainyakua pedeli kutoka sakafuni akatoka nayo mbio, kanzu imekunjwa mkononi, waya unamfuata nyuma, unaruka mtaro, unapita juu ya benchi la kahawa, unamwangusha mtu kikombe. Alimfikia mkewe pale waya ulipokaribia kwisha. Akapiga goti barabarani, mzee mzima, akaiweka pedeli mbele ya mguu wake.

"Najua inalia," akasema. Kwa sauti yake ile, mtaa mzima ulisikia. "Masikio yamekufa, meno hayajafa. Inanitetemesha mpaka kwenye meno; ile ya kimya kama msikitini ilikuwa aibu tu. Kelele nimeshindwa kuitoa, mke wangu. Nimekuletea ya kuizimia."

Mama akatazama pedeli. Akatazama waya wote ule mpaka ofisini. Akatoa mguu kwenye ndala, akakanyaga: kule ndani mashine ikapiga yowe. Akainua mguu. Kimya. Akakanyaga tena, akainua tena, na safari hii nilimwona anauma mdomo ili asicheke. Fundi alikuwa bado amepiga goti, anamtazama usoni tu, maana hapo ndipo anaposikilizia. Mama akashusha kapu. Ndizi zile tulizila sisi majirani, hazikupanda mlima tena.

Mimi nilihamia Mafiga baadaye, kwa sababu zangu, na kwa sababu ya masikio yangu. Juzi mwanangu wa mwisho amechaguliwa shule ya bweni, nikasema sanduku sinunui kwingine, nikarudi Mwembesongo. Pipa sasa limejazwa mchanga wa mtoni. Kazi ya mama hiyo, aliwaza siku moja tu kitu ambacho mume alikipapasa miezi. Bado inalia, lakini kama mtu mwenye adabu zake. Nyundo iko msumarini, imeota kutu. Fundi amezeeka, mgongo umeinama juu ya bati la kihenge, mikono yote miwili inaongoza. Mama amekaa kwenye kile kiti, kivulini, anachambua mchele, mguu mmoja uko juu ya pedeli ya cherehani yangu.

"Shikamoo, Fundi!" nikapiga kelele. "Nimekuja kukuchomea ofisi!"

"Marahaba, mwanangu, marahaba," akajibu bila kuinua uso.

Mama akacheka mpaka ungo ukatikisika. Akaniambia, "Huyo ndivyo alivyo, mwanangu. Zamani nilikuwa nasema acha, acha, mpaka koo linakauka. Sasa angalia." Akainua mguu.

Mashine ikasimama. Fundi akaacha bati palepale, ubavu nusu, akageuka akamtazama mkewe.

"Naam, mke wangu?"

"Mgeni hajapewa chai," mama akasema, na Fundi akaenda kuchochea jiko.